Somo la 14: Tupange Safari ya Kuona Mkoa Wetu

Kabuku iko kando ya barabara kuu. Mchana na usiku mabasi hupita. Mengine yanatoka Dar es Salaam kwenda Tanga. Mengine yanakwenda Moshi na Arusha. Ndani ya mabasi hayo wamo watu wanaokwenda kutembea. Wanakwenda kuona bahari, milima na misitu. Wengine wametoka nchi za mbali sana. Wamekuja kuona mambo yaliyo karibu na nyumba zetu.

Je, sisi tunaokaa hapa tumeyaona?

Sisi nasi tunasafiri. Twasafiri kwa msiba. Twasafiri kumpeleka mgonjwa hospitali. Twasafiri kwa kesi, kwa kutafuta kazi, na mwaka wa njaa twasafiri kutafuta chakula. Lakini safari hizo zote ni safari za shida. Mtu huenda na mawazo na kurudi na uchovu. Hatazami kulia wala kushoto. Safari ya kwenda kuona na kupumzika, wengi wetu hatujaifanya hata mara moja. Twasema, "Hiyo ni kazi ya wenye fedha."

Somo hili linasema sivyo. Safari ya kutembea yahitaji fedha kiasi, lakini yahitaji zaidi mpango. Na mpango wenyewe mkulima anaujua tayari, kwa maana unafanana na mpango wa shamba. Huwezi kupanda mahindi mwezi wowote upendao. Vivyo hivyo huwezi kwenda popote mwezi wowote. Kila mahali pana majira yake.

MAJIRA YETU MANNE

Watu wa Ulaya wana majira manne. Wanayahesabu kwa baridi na joto. Wakati wa theluji wengine huenda milimani kuteleza juu ya theluji. Wakati wa joto huenda pwani kuoga baharini. Safari zao hufuata majira.

Sisi pia tuna majira manne. Lakini sisi twayahesabu kwa mvua na upepo.

Kiangazi ni miezi ya Januari na Februari. Jua ni kali. Upepo wa kaskazi unavuma.

Masika ni Machi, Aprili na Mei. Mvua ni nyingi.

Kipupwe ni Juni, Julai na Agosti. Kuna baridi kidogo. Upepo wa kusi unavuma kwa nguvu.

Vuli ni miezi ya mwisho wa mwaka. Septemba bado ni pakavu, kisha mvua ndogo huanza kunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Pepo hizi mbili zilijulikana tangu zamani. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwao kwa upepo wa kusi. Nahodha hakuondoka siku aliyotaka yeye. Aliondoka upepo uliporuhusu. Kwa hiyo kupanga safari kwa majira si jambo geni katika nchi yetu.

Lakini kumbuka: majira huweza kubadilika. Mwishoni mwa mwaka 1997, na tena mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za vuli zilikuwa kubwa kupita kiasi na zilileta mafuriko mahali pengi. Kwa hiyo usitegemee jina la mwezi peke yake. Sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika na wa vuli kabla mvua hazijaanza. Utabiri huo unamfaa mkulima, na unamfaa msafiri pia.

Sasa tuyatazame majira yetu, moja baada ya jingine.

KIANGAZI: TWENDE MSITUNI AMANI

Mwezi wa Februari Kabuku ni joto. Vumbi ni jingi. Shamba linasafishwa likingoja masika. Huu ni wakati mzuri wa kwenda mahali penye kivuli.

Ukitoka Kabuku unakwenda Segera. Hapo barabara zinaachana. Moja inakwenda Korogwe na Mombo. Nyingine inakwenda Muheza na Tanga. Shika ya Muheza. Muheza ndipo unapotafuta gari la kupanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Barabara ya kupanda Amani ina kona nyingi. Wakati wa kiangazi huwa kavu, na gari hupanda bila shida kubwa.

Amani ni msitu mkubwa wenye miti mirefu na maji baridi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo. Walileta miti kutoka pande nyingi za dunia, wakaipanda ili waone ipi itastawi. Miongoni mwake ulikuwamo mti wa kwinini, ambao ganda lake hutoa dawa ya malaria. Tangu mwaka 1997 msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia.

Mtu wa Kabuku ana sababu nyingine ya kwenda Amani. Sababu hiyo ni mkonge. Iko aina ya mkonge chotara inayojulikana kwa namba 11648. Huota haraka na kutoa majani mengi kabla ya kutoa mlingoti. Aina hiyo ilitokana na utafiti uliofanywa Amani. Kwa hiyo mtu aliyekata mkonge miaka mingi akifika Amani, anafika mahali ambapo kazi ya mikono yake ilifikiriwa kwanza.

Tena kuna ua dogo. Rangi yake ni zambarau. Huota penye kivuli, juu ya mawe ya msituni. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga alilichukua akalipeleka kwao. Leo ua hilo hupandwa katika vyungu vidogo, nalo huuzwa madukani Ulaya na Marekani. Watu wengi huliweka dirishani, nao hawajui kwamba kwao ni Usambara. Ukilikuta msituni, litazame. Usiling'oe.

MASIKA: TUSIENDE MBALI

Masika ni wakati wa kazi. Anayeondoka shambani mwezi wa Aprili atavuna nyasi. Tena njia za udongo huharibika. Magari hukwama. Mito hujaa.

Kwa hiyo wakati wa masika usipange safari ndefu. Lakini ipo safari ya siku moja inayofaa wakati huu, nayo ni kwenda Korogwe kuutazama Mto Pangani ukiwa umejaa. Barabara ni ya lami. Asubuhi unakwenda, jioni umerudi.

Mto huu tunaujua kwa jina tu. Ukitoka Kabuku kwenda Korogwe au kwenda Tanga, lazima uuvuke. Je, maji yake yanatoka wapi? Yanatoka katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Yanaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kisha yanashuka, yanapita Korogwe, yanafika Hale. Hapo Hale yanazungusha mitambo ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1964. Mbele kidogo, kwenye maporomoko ya Pangani, kuna mitambo mingine mikubwa zaidi iliyofunguliwa mwaka 1995. Mwisho maji yanaingia baharini katika mji wa Pangani. Ni safari ya kilometa kama 500.

Kwa hiyo mtu anayesimama Korogwe anatazama theluji na mvua ya Kilimanjaro ikipita kwenda baharini, na njiani inawasha taa.

Ukiwa hapo Korogwe tazama pia reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893. Ulifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mikono iliyobeba mataruma hayo ilikuwa mikono ya babu zetu.

Tahadhari ya masika: usivuke maji yanayopita juu ya barabara. Maji yanayofika magotini huweza kumwangusha mtu mzima yakiwa na nguvu. Ngoja yapungue. Anayekuhimiza uvuke hatakuwapo utakapochukuliwa.

KIPUPWE: TUPANDE LUSHOTO

Mwezi wa Agosti mahindi yamevunwa. Fedha kidogo imeingia. Mvua hakuna. Huu ndio wakati bora kwa mkulima wa Handeni kufanya safari ya siku mbili au tatu. Njiani utakutana na machungwa ya Michungwani na ya Muheza yakiwa yamepangwa kando ya barabara.

Kutoka Segera shika barabara ya Korogwe hadi Mombo. Hapo unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda mlima. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa kama 33. Ni kona juu ya kona. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde. Mtu anayetapika garini asile chakula kizito kabla ya kupanda. Na dereva akikimbiza gari, abiria wana haki ya kumwambia apunguze mwendo.

Njiani utapita Soni. Hapo maji yanaporomoka kando ya barabara. Kisha utafika Lushoto, mji ulio juu kiasi cha meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Walikimbilia huko kwa sababu ya baridi.

Kwa nini juu kuna baridi, na hali ni karibu zaidi na jua? Sababu ni hewa. Hewa ya juu ni nyepesi, haishiki joto kama hewa ya chini. Kila unapopanda meta 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii. Ndiyo maana blanketi usilolihitaji Kabuku utalitafuta Lushoto. Beba sweta. Mtoto mvike soksi.

Kutoka mjini unaweza kwenda kwa miguu mpaka Irente. Hapo mlima unakatika ghafla kama ukuta. Unasimama juu, na chini yako, karibu meta 1,000, unaiona nchi tambarare ya Mazinde. Nyumba ni kama punje za mtama. Barabara ni kama uzi. Mashamba ya mkonge yanaonekana kwa mistari yake. Wakati wa kipupwe asubuhi huwa na ukungu. Usiende alfajiri ukarudi umeona wingu tupu. Ngoja jua lipande.

Mkulima ataona mengine pia. Wasambaa wanalima mbogamboga kwenye miteremko mikali. Wanakata matuta kukinga udongo usichukuliwe na mvua. Wanachepusha maji kwa mifereji. Uliza wanafanyaje. Safari ya kutembea si kutazama tu, ni kuuliza pia.

Na historia ipo. Vuga, katika milima hiyo hiyo, ilikuwa makao ya wafalme wa Wasambaa. Mfalme mashuhuri alikuwa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Utawala wake ulifika mpaka pwani.

VULI: TUFIKE BAHARINI KABLA YA MVUA

Mwezi wa Septemba upepo wa kusi unapungua. Bahari inatulia. Mvua za vuli bado. Hizi ni wiki chache tu, kwa sababu mvua ikianza kunyesha jembe linaitwa tena. Asiyezitumia atangoja mwaka mwingine.

Kutoka Segera hadi Tanga ni kilometa kama 70. Tanga kuna mambo mengi, lakini chagua machache.

La kwanza ni mapango ya Amboni. Yako kilometa kama 8 kaskazini ya mji. Ni mapango ya mawe ya chokaa. Maji yaliyatoboa kidogo kidogo kwa muda mrefu sana, mpaka yakawa vyumba na njia za gizani. Popo wamejaa. Utaambiwa kuwa pango moja linatokea Kilimanjaro. Hiyo ni hadithi. Isikilize, ufurahi, lakini usiiandike kama kweli. Ingia pamoja na kiongozi wa hapo, na ubebe tochi.

La pili ni Tongoni, kilometa kama 17 kusini ya Tanga, katika njia ya Pangani. Tongo ni mahali palipohamwa na watu. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi kama 40, mengine yana nguzo ndefu za mawe. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye biashara. Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama, Mreno, zilipita pwani hiyo, na moja ilikwama kwenye fungu la bahari karibu na hapo. Kwa hiyo Wareno walipofika waliwakuta babu zetu wakiwa na miji ya mawe.

La tatu ni Pangani. Hapa unauona tena ule mto wa Korogwe, sasa ukiwa mpana na wenye maji ya chumvi. Mji ni wa kale. Mwaka 1888 watu wa pwani walikataa kutawaliwa na Wajerumani, wakapigana. Kiongozi wao mmoja, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapo Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889. Mwingine alikuwa Bwana Heri wa Saadani, mwenye asili ya Kizigua. Yeye aliendelea kupigana mpaka mwaka 1890. Mzigua wa Kabuku anayefika Pangani aikumbuke habari hiyo.

Ng'ambo ya mto kuna mahali panapoitwa Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe. Kutokana nayo mkonge ukaenea Tanga nzima, ukafika Korogwe, ukafika Kabuku. Watu wakaletwa kutoka Kigoma, Songea na nchi za jirani kuja kuukata. Wengi wao hawakurudi makwao. Wajukuu wao ni majirani zetu leo. Hebu fikiri: miche 62 ilibadilisha vijiji vyetu.

TUSILE MBEGU

Umeona safari nne. Je, uzifanye zote mwaka huu? Hapana. Chagua moja. Nyingine mwakani. Ukienda mara moja kila mwaka, kwa miaka minne utakuwa umeuona mkoa wetu katika majira yake yote.

Lakini kabla ya kuchagua, ghala litazamwe. Tuchukue mfano wa mume na mke, wakulima wa kijiji karibu na Kabuku. Nyumba yao ina watu 6. Wamevuna magunia 14 ya mahindi. Jioni moja wanazungumza.

"Mama watoto," anasema mume, "mwaka huu mavuno si haba. Nataka niende Lushoto na rafiki zangu. Nitauza magunia sita."

Mke anauliza, "Sisi tunakula mangapi mpaka masika ya mwakani?"

Mume anahesabu. "Kumi."

"Na mbegu? Na akiba, kama vuli haikunyesha?"

"Mawili."

"Basi yaliyobaki ya kuuza ni mawili, baba watoto. Si sita. Manne ya ziada unayotaka kuuza ni chakula cha watoto."

Mume ananyamaza. Ni kweli. Handeni inaijua njaa. Mtu anayeuza chakula mwezi wa Agosti kwa bei ya chini, hukinunua mwezi wa Februari kwa bei ya juu.

Kisha mke anasema, "Na jambo jingine. Umesema wewe na rafiki zako. Tangu tuoane nimefika Korogwe mara nyingi. Mara zote nilikwenda hospitali. Mara ya kujifungua, mara ya homa ya mtoto, mara ya kumwuguza mama. Sijui hata mto wa Korogwe unafananaje. Shamba tumelima wawili. Kwa nini safari iwe ya mmoja?"

Mume anafikiri. Kisha anasema, "Umesema haki. Mwaka huu tusiende. Tuweke akiba. Mwakani mwezi wa Agosti twende wote wawili."

Ndugu msomaji, mke huyu amesema mambo mawili makubwa. La kwanza: safari isile ghala. La pili: waliofanya kazi pamoja wapumzike pamoja. Safari inayomfurahisha mmoja na kuwaacha wengine na njaa si mapumziko, ni hasara.

HESABU YA SAFARI

Mume na mke waliketi na daftari. Walifanya hesabu ya watu wawili kwenda Lushoto kwa siku mbili. Bei hizi ni za mfano. Bei za kweli uziulize kituoni kabla ya safari.

Nauli ya kwenda na kurudi: watu 2 × shilingi 24,000 = shilingi 48,000
Kulala usiku mmoja: shilingi 25,000
Chakula: watu 2 × siku 2 × shilingi 8,000 = shilingi 32,000
Viingilio: shilingi 10,000
Fedha ya dharura: shilingi 25,000
Jumla: shilingi 140,000

Walipoona jumla, waliogopa. Lakini waligawanya kwa wiki. Kutoka katikati ya Novemba hadi Agosti ni wiki kama 40. Shilingi 140,000 ÷ wiki 40 = shilingi 3,500 kwa wiki. Mke aliuza mayai na mboga. Mume aliacha kununua sigara. Haba na haba hujaza kibaba.

Usikope fedha kwa ajili ya safari ya kutembea. Deni la shamba laweza kulipwa na shamba. Deni la matembezi halina shamba.

Kama mko wengi, tuseme darasa zima la kisomo, unganeni. Gari moja la kukodi likigawanywa kwa watu wengi huweza kuwa nafuu. Chagueni mtunza fedha. Kila anayetoa fedha aandikiwe, na kila mwezi daftari lisomwe mbele ya wote. Sasa mnajua kusoma. Asiwepo wa kuwaficha hesabu.

KABLA YA KUONDOKA NA NJIANI

1. Agana na mtu wa kuangalia nyumba, mifugo na wazee. Mwachie chakula na namba ya simu.

2. Kama una ndugu huko uendako, mpelekee habari mapema. Usimfikie usiku bila taarifa. Mchukulie chochote, hata kama ni mahindi kidogo. Mkono mtupu haulambwi.

3. Beba kitambulisho cha taifa. Katika hifadhi nyingi raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini lazima aonyeshe kuwa ni raia.

4. Unapolipa, dai stakabadhi. Isome. Kama fedha uliyolipa na fedha iliyoandikwa hazilingani, uliza hapo hapo.

5. Beba chandarua na dawa zako. Kwenye joto beba maji ya kunywa yaliyochemshwa.

6. Usiandike jina lako kwenye ukuta wa pango wala kwenye kaburi la kale. Jina liandike katika daftari.

7. Usiogelee baharini au mtoni mahali usipopajua. Waulize wenyeji kwanza. Maji kupwa na kujaa yana saa zake, na mto una mamba.

8. Jioni andika mistari mitano juu ya yale uliyoyaona. Ukirudi, wasomee watoto. Hapo watu wawili wamesafiri, na nyumba nzima imeona.

Wahenga walisema, tembea uone. Hawakusema uza uone, wala kopa uone. Soma majira, soma ghala, soma mfuko. Kisha panda basi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Majira: vipindi vya mwaka, kama masika na vuli.
Utabiri: habari ya hali ya hewa inayotazamiwa kuja.
Chotara: mmea au mnyama aliyetokana na aina mbili tofauti.
Mlingoti wa mkonge: mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge uliokomaa.
Taruma: ubao au chuma kinacholazwa chini ya reli.
Dharura: jambo la ghafla lisilotazamiwa.
Stakabadhi: karatasi ya kuthibitisha kuwa umelipa.

MASWALI

1. Watu wa Ulaya wanahesabu majira yao kwa nini? Sisi twahesabu kwa nini?
2. Kwa nini safari ya Lushoto inafaa mwezi wa Agosti kuliko Aprili? Toa sababu mbili.
3. Maji ya Mto Pangani yanatoka wapi, na yanaishia wapi?
4. Miche mingapi ya mkonge ilifika hai mwaka 1893? Ilipandwa wapi?
5. Mke alimkataza mume kuuza magunia sita. Je, alikuwa na haki? Jadilianeni.

HESABU

Watu 3 wanataka kwenda Tanga kwa siku moja. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 14,000 kwa kila mtu. Chakula ni shilingi 6,000 kwa kila mtu. Fedha ya dharura ni shilingi 12,000 kwa wote. Jumla ni shilingi ngapi? Wakiweka akiba kwa wiki 24, kila wiki waweke shilingi ngapi?

KAZI YA KIKUNDI

Chora kalenda ya miezi 12. Katika kila mwezi andika kazi ya shamba ya kijiji chenu. Kisha weka alama kwenye wiki ambazo kazi ni ndogo. Hizo ndizo wiki zenu za safari. Amueni pamoja mtakwenda wapi, nani ataangalia nyumba, na akiba itaanza siku gani.